Kaboni

Mimi nilikuwa kidole, si mdomo.
Miaka kumi na tisa kwenye taipu ya makao makuu,
ghorofa ya tatu, dirisha la kutazama reli
limepigiliwa misumari tangu enzi za Katibu wa kwanza,
nikipiga kumbukumbu za chama kwa nakala tatu:
moja ya Mwenyekiti, moja ya faili,
moja ya panya.

Jumatano ile Salesio Njoka alisimama
kabla chai haijaletwa. Hilo lenyewe lilikuwa kosa.
"Mwenyekiti, kadi hii niliinunua kwa shilingi mbili
wakati baba yangu hana viatu.
Sikuja kubomoa nyumba. Nimekuja kuuliza
mbona madirisha yamepigiliwa misumari."
Mtu akacheka.
Kisha akagundua amecheka peke yake.

Mwongeli Nzeki akaunga mkono:
kura iwe ya siri, si mlolongo,
maana kule Makadara mlolongo mfupi
ulitangazwa mrefu, nasi macho tunayo.
Ezra Rapemo hakusema kitu. Aliinua mkono.
Mkono ulitetemeka, lakini haukushuka.

Nikayapiga yote, neno kwa neno.
Saa nane nikaitwa.
"Binti, chana hiyo. Andika upya:
Mkutano ulifunguliwa kwa sala.
Wajumbe wote waliafikiana.
Mkutano ulifungwa kwa sala."
Nikaandika. Kati ya sala na sala
watu watatu wakazikwa wazima.

Njoka alisikia kufukuzwa kwake redioni,
taarifa ya saa saba, akiwa kwa kinyozi Kariokor.
Kinyozi akasita, mashine hewani,
nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.
"Maliza," Njoka akasema.
"Hata aliyefukuzwa ana kichwa."

Mwongeli alibaki. Kuna waliomwita msaliti.
Siku moja tulikutana chooni,
akafungulia bomba, maji yafunike sauti:
"Ukiondoka, kiti hakikufuati.
Hukaliwa."
Basi akabaki, akileta hoja ileile kila mwaka
kama mtu apelekaye sokoni kuku yuleyule,
na kila mwaka akirudi naye kwapani.

Na Rapemo?
Nyakati zilipogeuka, vyama vikawa vingi kama mabanda ya Gikomba,
chetu kikahitaji uso uliowahi kupinga.
Wakamkumbuka yule wa mkono.
Akapewa ofisi, akapewa zulia,
akapewa kile kiti.
Siku vijana wa Umoja walipomletea waraka wao,
kurasa nne, saini mia mbili na sita,
aliusoma wote, nampa haki yake, aliusoma.
Akavua miwani. Akaniita,
mimi mwenye mvi:
"Binti, andika. Wajumbe wote waliafikiana."
Nilimtazama mkono.
Haukutetemeka.

Sasa nimestaafu, niko Jericho,
na chini ya godoro nina kitu nilichotoka nacho
siku ile ya Jumatano, ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki.
Waliniamuru nichane karatasi.
Hakuna aliyenitajia kaboni.
Ilikuwa imeshatumika sana: maneno ya Njoka
yamelala juu ya hesabu ya sukari na maziwa,
sala mbili zimewakanyaga wote.
Lakini inue kwenye mwanga, ukiwa na subira.

Jana alikuja msichana, Fardosa, mwanachama wa tawi,
kadi yake bado inanuka wino.
Anataka kusimama Jumatano. Alitaka kujua
wale walishindwaje.
Nikampa kaboni, akaiegemeza kiooni
akisoma kama mtoto, vidole vikigeuka vyeusi:
mbo-na ma-di-ri-sha.
Akanigeukia. "Yaliwahi kufunguliwa?"

"Moja," nikasema. "La chooni.
Mwongeli aling'oa misumari kwa kisu cha siagi.
Ilimchukua miaka miwili."